Juisi ya mapera ikichemshwa inabaki na nini?

SWALI: Ndugu wahariri, kila Jumapili huchemsha mapera na papai, nikasaga, nikachuja, kisha nikaweka juisi kwenye friji na kuinywa hadi Alhamisi. Ninachotafuta ni antioksidanti. Je, bado zimo? Au ni bora nimeze vidonge?

JIBU: Antioksidanti, yaani viambato vinavyosaidia kukinga seli za mwili zisiharibike, bado zimo, lakini si zote. Inayoumia zaidi ni vitamini C: huyeyuka kwenye maji, huharibiwa na joto, na huendelea kupungua juisi inapokaa na hewa. Ni hasara kubwa, maana gramu 100 za pera lisilopikwa zina takriban miligramu 228, na mtu mzima anahitaji 75 hadi 90 tu kwa siku. Pera dogo moja likiliwa hivyo hivyo linatosha.

Kusaga nako kuna athari zake. Kisu cha blenda hupasua seli na kuingiza hewa, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kikakutana na polifenoli, kundi la antioksidanti za mimea, na juisi ikaanza kugeuka kahawia. Ukiona rangi hiyo, ujue sehemu ya polifenoli imeshaharibika. Kijiko cha maji ya limau kwa kila glasi hupunguza kasi hiyo. Tafadhali usichuje: makapi unayotupa yana nyuzinyuzi, na polifenoli nyingi zimeshikamana nayo. Osha pera, usilimenye, saga bila kuchemsha, unywe papo hapo.

Likopeni na beta-karotini, zinazolipa papai rangi yake, ni tofauti. Hizo hustahimili joto kiasi, ila bila mafuta mwili huzifyonza kidogo sana. Kula papai pamoja na kipande cha parachichi au karanga chache.

Vidonge, hapana. Utafiti wa Finland uliotolewa mwaka 1994, kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, ulionyesha kuwa waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu. Wanaokula matunda kwa wingi huwa na hatari ndogo ya magonjwa ya moyo, lakini haijathibitika kwamba ni antioksidanti peke yake zinazoleta nafuu hiyo.

Faida iliyo wazi kabisa ni hii: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Kwa hiyo pera liliwe kwenye mlo huohuo, si saa tatu baadaye.