Vibarua wote au vibarua vyote?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi ya kutwa katika kiwanda kimoja hapa Morogoro. Juzi lilibandikwa tangazo getini: "Vibarua vyote vifike saa 1 asubuhi." Baadhi yetu tulicheka, wengine wakaona tumetukanwa. Je, ni sahihi? Na kwa nini mtu akiachishwa kazi husemwa kibarua kimeota nyasi?

JIBU: Marahaba. Mwenye tangazo amekosea. Kibarua akiwa mtu huchukua upatanisho wa viumbe hai, kama kijana, kiongozi au kipofu: kibarua amefika, vibarua wamelipwa, vibarua wote. Ikikusudiwa kazi yenyewe, neno hubaki katika ngeli ya KI-VI: nimepata kibarua, vibarua vimeadimika mjini.

Ila bwana huyo, bila kujua, amegusa asili ya neno. Kibarua kilianza kuwa kitu: barua ndogo, kikaratasi. Zanzibar ya karne ya 19, aliyekodiwa kwa siku alipewa kikaratasi, naye akakirudisha anapolipwa. Miongoni mwao walikuwamo watumwa, ambao sehemu ya ujira wao iliishia kwa bwana. Taratibu jina la karatasi likamhamia aliyeishika, kisha likaipata na kazi aliyoifanya.

Mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalitupatia neno la namna hiyohiyo. Vibarua waliotoka mbali walitambuliwa kwa namba, nao wakaishia kuitwa manamba. Neno kipande, yaani cheti cha utambulisho na cha kazi, halikufika hatua hiyo ya kumwita mtu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimishwa kutembea na kipande, mara nyingi kikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni, lakini jina lilibaki kwenye karatasi. Mtu hakuitwa kipande.

Msidhani kila aliyeitwa kibarua alijiona duni. Bandarini Mombasa wapakiaji wengi waliajiriwa kwa siku, na wapo walioupenda utaratibu huo: leo unabeba mizigo, kesho unakwenda shamba, hakuna wa kukuuliza. Waliokereka ni wakubwa wa serikali ya kikoloni, hasa baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, wakataka wafanyakazi wa kudumu wanaohesabika. Siku hizi mjini tuna deiwaka, anayeshika daladala ya mwenzake kwa siku moja. Neno jipya, riziki ileile.

Sasa nyasi. Njia isiyokanyagwa huota nyasi. Kazi usiyoiendea tena nayo ni hivyo. Hapa kibarua ni kazi, ndiyo maana tunasema "kimeota". Lakini ukitaka kurekebisha kila kitu kwa hasira ya lile tangazo na kusema "kibarua ameota nyasi", wasikilizaji wataelewa kwamba kuna mfanyakazi alipitiwa na usingizi, akaota ndoto ya nyasi.