Amsterdam, Paris na Roma: tiketi zipi ukate mapema na zipi uache kwanza

Ndugu aliyeuliza anasema yeye na mkewe watasafiri mwezi Juni kwa siku 12, wakianzia Amsterdam, kisha Paris, na kumalizia Roma na Florence, na anataka kujua kama alipie tiketi zote sasa ili apate nafuu. Mimi na mke wangu tulifanya safari inayokaribiana sana na hiyo Juni 2024 tukitokea Dar es Salaam. Ushauri wangu ni kwamba asilipie zote, kwa sababu kuna tiketi ambazo ukichelewa utaumia, na kuna ambazo hata ukiwahi miezi mitatu hupati faida yoyote.

Nianze na kosa langu, kwa kuwa sitaki limpate mwingine. Mwaka 2023 nilikata tiketi za ndege za bei ya chini, zile zisizorudishwa fedha, nikiamini kwamba viza ingetoka ndani ya wiki mbili. Miadi ya kupeleka maombi ilichelewa kupatikana, pasipoti zikarudi siku nne baada ya ndege kuondoka, na nauli ya watu wawili ikapotea yote. Maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya zikiwemo hizi tatu, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ila unaweza kufika 45. Kwa kawaida kinachotakiwa ni nafasi iliyoshikiliwa kwenye ndege, wala si tiketi iliyolipiwa, pamoja na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, hivyo wewe na shemeji gawanyeni kwanza siku zenu, ndipo mjue mnaomba kwa nani.

Viza ikishatoka, ndege ya kutoka nyumbani ndiyo ya kwanza kulipiwa. Tafuta tiketi moja inayokuingiza Amsterdam na kukurudisha kutoka Roma, maana kurudi Amsterdam kwa ajili ya ndege tu kunakula siku nzima na nauli nyingine. Usiunganishe safari kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, kwa kuwa ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri wala kukupangia nyingine.

Kwenye treni ndiko watu wengi wa kwetu hukosea, na nadhani sababu ni mazoea. Nauli ya basi la mkoani tunajua imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, kwa hiyo anayewahi kukata anawahi kiti, si bei. Treni za mwendo kasi za Ulaya haziendi hivyo, kwani viti vya bei ya chini huwa vichache na vikiisha nauli hupanda, wakati mwingine zaidi ya mara mbili. Treni ya Eurostar kutoka Amsterdam hadi Paris, safari ya saa tatu na kitu, ni ya aina hiyo, nasi tulikata miezi miwili kabla. Kati ya Roma na Florence kuna kampuni mbili zinazoshindana kwenye reli ile ile, Trenitalia yenye Frecciarossa na Italo, kwa hiyo linganisha zote mbili kabla ya kulipa. Kumbuka kwamba tiketi ya bei ya chini hukufunga na treni moja tu. Usiikate kwa siku mnayotua na ndege, hata kama ratiba inaonekana kuruhusu.

Treni za kawaida za mikoani nchini Italia ni jambo jingine kabisa. Tulipotaka kwenda Pisa kutoka Florence, mwendo wa kama saa moja, tulinunua tiketi kituoni asubuhi ile ile kwa bei ile ile ambayo tungelipa mwezi mmoja kabla. Jambo la kuzingatia ni kugonga muhuri tiketi ya karatasi kwenye mashine kabla ya kupanda, kwa kuwa asiyefanya hivyo hutozwa faini.

Kutoka Paris kwenda Roma pandeni ndege, lakini angalieni uwanja. Tiketi nyingi za bei ya kuvutia huondokea Beauvais, takribani kilomita 80 kutoka Paris, na ukiongeza basi na malipo ya begi, unafuu wote unaweza kuisha.

Kuhusu vivutio, nyumba ya Anne Frank huko Amsterdam, makumbusho ya msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndiyo yenye masharti magumu zaidi. Tiketi zake huuzwa mtandaoni tu, kila Jumanne, kwa ziara za wiki sita mbele, kuanzia saa nne asubuhi ya Amsterdam, ambayo kwa majira yao ya kiangazi ni saa tano kwetu. Mke wangu aliketi mbele ya kompyuta saa tano kamili na bado nafasi za mchana zilikuwa zikiondoka huku tukitazama. Tiketi za Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, zina jina la mgeni, basi yaandikeni kama yalivyo kwenye pasipoti. Louvre, makumbusho ya sanaa ya Paris, hufungwa Jumanne, panga siku zako ukilijua hilo.

Ipo sababu nyingine ya kulipia mapema hizo zinazokwisha, ambayo sikuwahi kuambiwa na mtu. Benki zetu huthibitisha malipo ya mtandaoni kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe kwenye laini ya nyumbani. Tukiwa Paris, laini iliyounganishwa na kadi yangu haikuwa imewezeshwa kutumika nje ya nchi. Ujumbe haukufika, na viti vya treni ya Florence tulivyokuwa tumevichagua vikaachiwa. Kesho yake tulivipata kwa nauli ya juu zaidi. Kwa hiyo kamilisheni malipo hayo mkiwa bado nyumbani, au muombe mtandao wenu uiwezeshe laini kabla ya kuondoka. Tramu za Amsterdam na metro ya Roma hazihitaji maandalizi hayo, kwani kadi ya benki inayolipa kwa kugusa inatosha pale pale mlangoni.