Umaskini umeshuka, pengo limepanuka: ninachokiona Njombe

Mkuu, umeuliza inawezekanaje umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ushuke kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18, halafu kipimo cha Gini, kinachoonyesha pengo kati ya walionacho na wasionacho (0 ni usawa kamili), kiongezeke kutoka 0.34 hadi 0.38. Wengi waliokujibu hapo juu wamekimbilia kutaja uvivu na ufisadi. Mimi nanunua viazi vijijini Njombe, na kwa ninavyoona, kinachotenganisha kaya ni nani ana uwezo wa kusubiri.

Chukua parachichi. Mche wa hass (aina ya parachichi) uliobebeshwa unakaa kama miaka mitatu ndipo uanze kutoa mzigo wa maana. Muda wote huo unataka mbolea na dawa, na nyumbani watu wanakula. Mwalimu ana mshahara (mara nyingi kaoa nesi, mishahara miwili chini ya bati moja), basi anapanda ekari zake mbili na maisha yanaendelea. Jirani yake mwenye ardhi kama hiyohiyo anategemea viazi. Mtoto akichaguliwa kidato cha kwanza, ada imefutwa tangu 2016, sawa, lakini sare, daftari na hela ya hosteli zinamsubiri Januari. Anauza viazi vikiwa bado ardhini, kwa bei ya dalali, tena kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Msimu ukiharibika anamega shamba. Nani ananunua? Mwalimu yuleyule, au mtu wa Dar anayetafuta pa kupanda mipaina.

Na huyo jirani hajarudi nyuma, tuelewane. Ana simu, kaezeka bati, pengine umeme wa REA (Wakala wa Nishati Vijijini) umemfikia. Amepiga hatua ndogo, mwenzake amepiga hatua kubwa. Ndiyo maana takwimu zako mbili hazipingani.

TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku, siidharau; inawashika mkono walio chini kabisa. Ila huyu wa katikati haimgusi, na hata ingemgusa, ruzuku ile haitoshi kumvusha miaka mitatu ya kungoja parachichi.

Halafu kuna jambo watu hawalisemi. Utafiti uliotoa takwimu zako unapima hasa matumizi ya kaya. Mtu mwenye ekari kumi za mipaina anaweza kula ugali na maharage kama mimi mpaka siku atakapokata miti. Kwa hiyo, ile 0.38 inakuonyesha tofauti ya matumizi. Tofauti ya mali, kwa macho yangu, ni kubwa zaidi.