Akaunti yako ifungue mwenyewe: kwa mdogo wangu anayeingia mwaka wa kwanza

Kila vyuo vinapofunguliwa, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza hapa hosteli huniuliza kuhusu laptopu: ninunue ipi, kwa bei gani, kwa nani. Ni swali la maana na nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu pesa hiyo mara nyingi ni mahindi ya mzazi au mkopo wa kikoba. Lakini nami huwa nawauliza swali langu kwanza. Imeili yako nani aliifungua, na neno lake la siri analijua nani? Wengi hunyamaza, kwa hiyo naanzia hapo.

Ukishamaliza kidato cha sita, karibu kila kitu kinafanyika mtandaoni. Kuomba chuo, kuomba mkopo HESLB (Bodi ya Mikopo), kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi), na katikati ya yote unadaiwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kwa aliye nyumbani bila kompyuta, njia iliyopo ni steshenari. Kijana wa steshenari ana mikono myepesi na nyuma yako kuna foleni. Anakuuliza, "Una imeili?" Ukisita kidogo tu, anakufungulia hapo hapo. Namba ya simu ya kuthibitisha anaweka yake. Neno la siri anatunga atakalolikumbuka yeye, na mara nyingi ni lile lile kwa wateja wake wote. Unalipa, unapewa karatasi zako, unaondoka moyo mweupe.

Shida huja siku Bodi ya Mikopo inapofungua dirisha la marekebisho. Mwenzangu wa chumbani yalimkuta. Fomu yake ilirudishwa kwa sababu sahihi ya mdhamini haikuonekana vizuri, akatakiwa kupakia upya ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja tu! Lakini ili aingie kwenye akaunti alihitaji neno la siri. Kulibadilisha, ujumbe ulikuwa unakwenda kwenye imeili. Imeili nayo ilitaka kodi, yaani namba ya siri ya muda, iliyotumwa kwenye simu, na simu ilikuwa ya yule kijana wa steshenari, ambaye alishahama mji. Mama yake alizunguka sokoni kutafuta mtu mwenye namba mpya ya kijana huyo huku binti yuko huku Dodoma, halali. Alipatikana dirisha likiwa linakaribia kufungwa. Ada ya mtu, chakula chake na kodi ya chumba vilikuwa vimeshikwa na simu ya mtu asiyemjua. Kijana wala hakuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo imeili fungua mwenyewe, kwenye simu yako, kwa majina yako yalivyo kwenye cheti, maana ndiyo utakayoiweka kwenye barua za maombi ya kazi. Namba ya kuthibitisha iwe ya laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole, siyo ya kaka wala ya rafiki. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa Januari 2020, lakini mpaka leo wapo wanafunzi wanaotembea na laini yenye jina la mtu mwingine. Laini ikipotea hawawezi kuirudisha bila huyo mtu. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao huo wakaifute.

Ukishapata imeili yako, ingia kwenye mipangilio ya usalama ya Google uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Humo ndani kuna kodi za akiba 10, kila moja ya tarakimu 8. Hizi watu huziruka, na mimi naziona ndizo za thamani kuliko vyote. Ziandike kwa kalamu, nakala moja ibaki kwa mzazi pamoja na vyeti. Simu ya mwanafunzi huibiwa kwenye daladala, na huibiwa hata wiki ya kupakia kazi za kozi. Ukiwa na zile kodi unaingia kwenye imeili yako kwa simu ya mwenzako dakika hiyo hiyo.

Na kama ulishafunguliwa akaunti na mtu, usione haya kumrudia. "Kaka, habari za kazi? Ulinisaidia kuomba mkopo mwezi wa saba, naomba tukae tubadilishe namba na neno la siri." Wengi wanakubali bila shida. Mfuate kabla hujapanda basi la kuja chuo, ukiwa bado unajua anapokaa.

Sasa laptopu. Kwa bajeti ya mwanafunzi, ushauri wangu ni used iliyotoka maofisini Ulaya au Dubai: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Ziko tele Kariakoo, na mikoani zipo. Najua mzazi anapenda kitu kipya kwenye boksi, na kwa bei hiyo hiyo dukani utapewa mpya yenye prosesa ya Celeron na diski ya GB 64. Inang'aa, lakini ukifungua Word na kurasa chache za intaneti kwa pamoja inakwama, na hiyo diski mara nyingi imegandishwa ndani, huwezi kuibadilisha. Zile za ofisini zilitengenezwa zipigwe kazi kutwa. Nyingi zinaongezeka RAM, SSD inabadilishwa, na kibodi yake fundi yeyote mzuri anayo au anajua pa kuipata. Tafuta yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8 na SSD (diski ya kisasa ya kuhifadhia) GB 256.

Jambo ambalo muuzaji hatakueleza usipouliza ni kizazi cha prosesa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inataka kuanzia kizazi cha nane. Kwenye jina la prosesa, angalia namba inayofuata baada ya i5. Ikiwa i5-7300U, hicho ni kizazi cha saba, achana nacho hata ikiwa imewekwa Windows 11 kwa ujanja. Ikiwa i5-8250U au i5-8350U, ni cha nane, mnaweza kuendelea kuongea bei. Ile stika iliyobandikwa karibu na kibodi usiiamini, kwa sababu stika zinauzwa. Fungua Settings, kisha System, kisha About, usome mwenyewe.

Betri nayo usiipime kwa maneno ya "inakaa masaa manne, dada yangu." Mwombe muuzaji akuruhusu ufungue lile dirisha jeusi la amri (andika cmd pale pa kutafuta), halafu uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza faili na kukuambia imelihifadhi wapi. Lifungue, utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani uwezo ilionao leo. Wa kwanza ukiwa 50,000 na wa pili 22,000, betri imebaki na chini ya nusu. Hapo ama unashusha bei ama unadai betri nyingine. Nilimsindikiza binamu yangu kununua, na baada ya kumwonyesha muuzaji mistari hiyo, aliingia stoo mwenyewe akatoa mashine nyingine. Hatukubishana.

Kingine, izime uiwashe huku ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, au Enter kisha F1 kwa ThinkPad, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka. Ikidai neno la siri na muuzaji halijui, ondoka. Hilo halifutwi kwa kupiga Windows upya. Kuna pia mashine ambazo ukizirejesha upya zinadai imeili ya kampuni ya zamani, kwa hiyo mwambie muuzaji airejeshe upya mbele yako, mkiwa na intaneti, kabla hujatoa pesa. Vibonye vyote, matundu ya USB, kamera, bawaba za skrini na chaja utavikagua kwa dakika chache. Risiti iandikwe namba ya mashine yenyewe, siyo "laptop 1" peke yake.

Wa uhandisi na usanifu majengo, nyinyi subirini kwanza. Programu za michoro zina mahitaji yake, na kaka na dada wa mwaka wa tatu wa kozi yenu wanajua ipi inabeba. Muhula wa kwanza mtapita na maabara ya kompyuta.

Nirudi steshenari, kwa sababu hata ukiwa na laptopu utakwenda kuprinti. Flashi ikishaingia kwenye kompyuta inayotumiwa na mtaa mzima, inaweza kurudi na virusi vile vinavyogeuza mafolda yako kuwa njia za mkato (shortcut). Wengi wakiona hivyo huifomati na kupoteza kazi, ilhali mara nyingi faili zako zipo, zimefichwa tu. Kwenye lile dirisha jeusi andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako) na zitaonekana tena. Nakili kazi zako pekee, usibofye zile njia za mkato, kisha ndipo ufomati. Na kazi ya kuprinti ipeleke ikiwa PDF. Ukipeleka Word, majedwali yanahama na ukurasa wa jina unaruka, halafu unalipia kurudia.

Cheti chako na kitambulisho cha NIDA vikishaskaniwa, usiondoke bila kuomba vifutwe, kwanza kwenye folda na halafu kwenye pipa la taka la kompyuta. Hizo ni taarifa binafsi na zina sheria yake tangu 2022, lakini ukweli ni kwamba usipoomba hakuna atakayekumbuka. Kama ulifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya pale, ingia kwenye simu yako, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uiondoe. Nimewahi kukaa kwenye kiti nikakuta meseji za dada mmoja zinaingia mbele yangu, za mama yake na za mchumba wake. Niliifunga upesi, ila kabla yangu sijui walikaa wangapi.

Bando sitaliongelea sana, kila mtu ana mbinu zake na ofa za chuo zinabadilika. Fanya hili moja tu: ukiunganisha laptopu kwa hotspoti ya simu, bofya jina la mtandao huo kwenye mipangilio ya Wi-Fi uwashe Metered connection. Bila hivyo Windows inaichukulia simu yako kama intaneti ya ofisi, inashusha masasisho yake, na bando la wiki linaisha kabla hujafungua hata slaidi moja. Masasisho yenyewe usiyazime, yafanye kwa Wi-Fi ya chuo.

Boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likiingia, matapeli nao wanajua. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinakuja, na siku hizi kuna wanaojifanya maofisa wa mkopo wanaodai "ada ya kushughulikia." Malipo ya chuo cha umma na ya ofisi za Serikali yana namba yake ya malipo, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Hayaendi kwenye simu ya mtu. Meseji ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha uifute. Kodi ya tarakimu 6 iliyoingia kwenye simu yako usimsomee mtu yeyote, hata kama sauti ni ya CR wenu (kiongozi wa darasa).

Kuhusu kuhifadhi kazi, Google inakupa GB 15 bure, na ripoti yote ya mwaka wa mwisho haifiki hata GB moja. Weka folda moja kwa kila somo, na kila jioni unayoandika, pandisha nakala. Vitini vinavyotumwa kwenye kundi la darasa vipakue siku hiyo hiyo na uviweke kwenye folda hizo, kwa sababu WhatsApp haivitunzi milele kwenye seva zake. Ukija kuvibofya wiki ya mitihani unaambiwa havipatikani, na CR naye alishabadilisha simu.

Na kabla hujalipia makala ya jarida kwa dola, au kuingia kwenye tovuti zinazokubandika matangazo ya ajabu, nenda maktaba ya chuo. Tanzania imo katika mpango wa Research4Life, ambao unazifungulia taasisi zilizojisajili maelfu ya majarida. Wa afya wana Hinari, wa kilimo wana AGORA. Uliza dawati la huduma za kielektroniki kama chuo chenu kimesajiliwa na mnaingiaje. Nenda na laptopu yako, mkutubi akuonyeshe, na ujaribu kupakua makala moja ya kozi yako ukiwa bado umekaa mbele yake.