Re: Asembli ya Commodore 64 bila mashine yenyewe

Mkuu umeuliza utaandikaje asembli (lugha ya kuamrisha prosesa moja kwa moja) ya Commodore 64, ile kompyuta ya zamani, wakati mashine huna, wala usihangaike kuisaka, mimi hapa Kirumba natumia laptopu yangu chakavu tu. Shusha ACME, hiyo ndo asembla ya kugeuza kodi yako iwe programu, na VICE ndo emuleta ya kuigiza Commodore kwenye laptopu, zote bure kabisa. Kodi unaandika kwenye notipadi, mwanzoni kabisa weka *=$c000 (anwani ya memori programu itakapokaa), kwenye kuasembo usisahau -f cbm ili faili litoke kwa muundo wa Commodore, halafu faili la .prg linalotoka, yaani programu yenyewe, unalitupia VICE, unaandika NEW kisha SYS 49152 (ndo $c000 hiyohiyo) kuiendesha. Anza na inc $d020 (inaongeza namba ya rangi ya pembezoni) na jmp (amri ya kuruka) ya kurudi hapohapo, ukiona pembezoni mwa skrini rangi zinachezacheza kama disko ujue umepatia. Mimi jmp niliielekeza kusikojulikana nikakesha, na umeme nao unakatikakatika aisee! Ila kama ni Spectrum, kompyuta nyingine ya zamani, hiyo prosesa yake ni Z80, tofauti na ya Commodore, ACME haikufai.