Wasiwasi usiokoma na vidonge vya dukani

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, nafanya biashara Morogoro. Tangu mwaka jana nawaza kila kitu: marejesho ya mkopo, ada, afya ya watoto, hata mambo ambayo hayajatokea. Moyo unaenda mbio, mabega yanakaza, saa tisa usiku nashtuka na silali tena. Presha, sukari, umeme wa moyo na tezi ya shingo vimepimwa, vyote viko sawa. Duka la dawa walinipa diazepam, kidonge cha kutuliza, cha miligramu 5. Nilianza na kidonge kimoja usiku, sasa ni mwezi wa nne na nameza viwili. Nilipoacha ghafla, siku ya tano nikatetemeka na wasiwasi ukazidi ule wa mwanzo, nikarudia. Je, ugonjwa wangu umekuwa sugu?

JIBU: Marahaba. Hapana, kilichokutetemesha siku ya tano kwa sehemu kubwa ni kukosa kidonge. Diazepam hutoka mwilini polepole sana, kwa hiyo adha ya kuiacha huchelewa siku kadhaa, wakati mwingine hata wiki. Ikifika, mtu keshasahau kidonge na analaumu ugonjwa. Anarudia, anatulia, anaamini amepata ushahidi kwamba hawezi kuishi bila dawa. Hilo la kutoka kimoja hadi viwili nalo halina maana kwamba wasiwasi umekua. Ubongo umeizoea dozi.

Diazepam haitibu wasiwasi wa muda mrefu. Inauzima kwa saa chache, na hata daktari anapoiandika, haifai kuvuka wiki mbili hadi nne. Ni dawa ya cheti. Anayekuuzia kila mwezi bila kukuuliza kitu, huyo ana mteja, hana mgonjwa.

Sasa usiongeze, na usiache ghafla tena: kuiacha kwa mkupuo kunaweza kuleta degedege. Pombe iwe mbali kabisa, maana vikikutana vinaweza kukata pumzi. Nenda kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, useme wazi unameza kiasi gani na tangu lini. Kwa kawaida hupunguzwa sehemu ya nane hadi ya kumi ya dozi kila wiki mbili. Kwa miligramu 10 zako, hatua ya kwanza ni kama robo ya kidonge cha 5. Kwa mwendo huo, kumaliza huchukua kama miezi minne. Ukiona ni mingi, kumbuka wanaokimbiza ndio wanaorudi mwanzo.

Huku ukipunguza, wasiwasi wenyewe utibiwe. Tiba ya mazungumzo inayofundisha kukabili mawazo na kuacha kukwepa huchukua vikao 12 hadi 15. Dawa kama sertralini au fluoxetini huhitaji wiki nne hadi sita kuonyesha kazi, na siku za kwanza zinaweza kukuchangamsha vibaya. Wengi huzitupa hapo hapo, kabla hazijafanya lolote.

Nyumbani, tenga dakika 20 za kuwaza kila siku kwa saa ileile, tuseme saa kumi na moja jioni, kamwe si kitandani. Wazo likija saa nne asubuhi, liandike kwa maneno matatu na uliahirishe. Jioni ligawe: marejesho ya mkopo yana hatua ya kuchukua kesho, basi iandike hatua hiyo. “Itakuwaje mtoto akiugua?” haina hatua, na kuizungusha usiku kucha hakumkingi mtoto. Usijilazimishe kulifuta wazo, maana ukilisukuma linarudi na nguvu. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe kabla ya saa sita mchana.

Na kwa wote: mkiambiwa “dawa ya mawazo”, ombeni jina la dawa na kiasi chake. Unga usio na lebo hauna majibu hayo. Ukikulaza ndani ya nusu saa, ogopa, kwa sababu hujui umemeza nini na daktari atakayekuokoa naye hatajua. Sindano za “kutuliza mishipa” vivyo hivyo. Na anayekwambia umerogwa, kisha akakuachisha dawa siku hiyohiyo, anaweza kukuletea degedege na kuliita jini.

Ukipata degedege, ukichanganyikiwa, au ukianza kufikiria kujiua, usisubiri kliniki. Nenda wodi ya dharura na ndugu mmoja, ukiwa na pakiti ya vidonge mkononi.