Trekta isafishe kwanza ndo tupande?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Chuo kimeipa klabu yetu ya mazingira eneo nyuma ya hosteli, kama nusu ekari hivi. Upande mmoja kuna miti ya asili na vichaka, kwingine kote mimea vamizi, lantana na lusina. Tumepanga trekta isafishe yote afu tupande miche 500. Tuchague miche gani?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya miche naomba sana hiyo trekta isije. Udongo ule umejaa mbegu za magugu zilizolala, za lusina zinaweza kukaa miaka mingi zikisubiri nafasi tu, sasa mkiutibua wote siku moja mnaamsha nyingi kwa pamoja na miche yenu itamezwa kabla haijashika mizizi. Na humohumo zimo mbegu za mimea ya asili, hizo ndo mali yenu, mkizifukia chini zaidi mmezipoteza.

Anzieni pale penye miti ya asili ambapo magugu ni machache, mng'oe kwa mkono, mrudishie udongo na majani makavu juu, ndo msogee taratibu kuelekea kwenye lantana nzito. Hii njia ni ya Joan na Eileen Bradley, dada wawili wa Sydney, Australia, walioianza miaka ya 1960, na sharti linalowashinda wengi ni hili: usisogee mpaka mimea ya asili ijaze pale ulipong'oa. Kusubiri kunauma, najua, lakini kipande kidogo kilichopona kinakaa, nusu ekari iliyofyekwa haraka inarudi lantana.

Lantana yenyewe ukiikata tu inachipua kisikini. Ndogo ng'oeni na mizizi, kubwa ikatwe chini kabisa na palepale mtu aliyefundishwa kutumia dawa ya kuua magugu aipake kwenye kisiki kwa brashi, asipulizie. Ndege wanakula matunda yake na kuleta mbegu mpya, kwahiyo kupita kuchomoa vichipukizi ni kazi ya kila msimu. Mbolea msiweke, inanenepesha magugu, na udongo wa kuletwa na lori hapana kabisa.

Miche je? Subirini msimu mzima wa mvua muone nini kinaota chenyewe, mapengo yakibaki ndo mpande, kwa mbegu za hapohapo jirani, za miti mingi sio mmoja, na msisahau nyasi na vichaka maana watu wanapanda miti tu wanaita msitu.

Jamani na watu wa bustani! Mashine ya kukata nyasi inaweza kumaliza kazi ya mwaka mzima asubuhi moja, kwa sababu anayeiendesha haoni mche, anaona pori. Mtembeze eneo lote, mwonyeshe majani, pigeni vigingi mpakani. Afu ombeni eneo liingizwe kwenye ramani ya chuo kwa maandishi, nyie mtahitimu mtaondoka na atakayekuja kutafuta kiwanja cha jengo hatawajua.

Wiki hii pigeni picha sehemu tano, kila moja na kigingi chake, mrudie palepale kila baada ya miezi mitatu.